Fahali wa Kubandika: Maisha ya Zefania Yona Mkumbo

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono hapa Kiomboi, familia inawasalimu, na wazee wetu shikamooni. Anayesoma ni Eliya, mdogo wake marehemu, na kabla hajafika mbali anaomba radhi, kwa sababu historia kama hii huwa inasomwa ili marehemu aonekane mtu mwema kuliko alivyokuwa, lakini hii marehemu mwenyewe aliagiza isimpambe, na sisi tumesimama mbele yenu leo tukiwa na aibu yake na yetu pia.

Zefania Yona Mkumbo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1960, hapahapa Kiomboi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa mzee Yona Mkumbo na mama Elizabeti, akabatizwa katika usharika huu mwaka huohuo. Alikuwa mtoto mkimya lakini mbishi, ambaye akitumwa kuchunga ng'ombe aliwaacha na kwenda kukaa kando ya barabara kusubiri lori la misheni lipite, na siku ng'ombe walipoingia kwenye mtama wa jirani alichapwa fimbo mbele ya watu, akavumilia bila kulia, akauliza kama lori limeshapita.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, baba alimpeleka kujifunza ufundi wa magari kwenye karakana ya misheni, alikokaa miaka mitatu akifua ovaroli za mafundi zaidi kuliko alivyoshika spana. Mwaka 1981 alikwenda Singida Mjini akapata kazi kwenye gereji ya mzee Mughwai, aliyekuwa wakala wa magari ya Halden, kampuni ya Kimarekani iliyotengeneza malori na pikapu kubwa zenye nembo ya kichwa cha fahali mbele, nembo ambayo wafugaji wa huku waliipenda kabla hata hawajauliza bei. Hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote ya ujana, na mwaka 1996 akawa fundi mkuu.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na mama Elina, binti wa Mkalama, wakajaliwa watoto wawili, Fredrick na Ritha, na wajukuu watano ambao mnawaona hapa mbele. Nyumba yao aliijenga Utemini, palepale Singida Mjini, polepole, chumba baada ya chumba, na mama Elina hupenda kusema kwamba aliolewa na mwanamume pamoja na lori lake, kwa sababu kaka yetu aliyapenda magari ya Fahali kupita kiasi, akiyasifia mezani, kwenye vikao vya harusi na hata kwenye misiba ya watu. Magari madogo aliyaita vigari vya kubebea mayai, na alikuwa akisema mtu mzima hapandi gari ambalo magoti yake yanagusa kidevu.

Lakini mafuta yalipopanda bei mwaka 2008, Halden ilianza kuyumba kule kwao Marekani, na mtikisiko ukafika hadi Singida, kwa sababu wenye malori waliokuwa wakichukua Fahali kila msimu wa alizeti walianza kulalamika kwamba Fahali anakunywa kuliko anavyobeba. Pikapu zilikaa uani kwa mzee Mughwai mpaka kuku wakatagia chini yake, na mafundi, ambao wengi wao ni vijana aliowafundisha Zefania kwa mkono wake, wakawa wanakuja asubuhi, wanakaa, wanarudi nyumbani. Mwaka 2011 pale gereji ikaja habari ya ndani kwamba Halden imekosa muda wa kuunda gari dogo la kwake, hivyo itachukua magari madogo ya kiwanda kimoja cha Asia, itayapa jina lake na fahali wake, na kuyauza kwa watu wa kawaida ili kampuni ipate kupona.

Gereji nzima iligawanyika. Dereva wa pale, Mazengo, mtu wa Dodoma mwenye mdomo usiochoka, alisema, "Mimi nimekulia zizini, na sijaona ndama anayemnyonyesha mama yake," na kuanzia hapo magari hayo yakaitwa Ndama kabla hata hayajafika. Zefania alicheka kuliko wote. Ndama ya kwanza ilipofika, Februari 2012, aliiendesha hadi Kiomboi na kurudi, katikati ya masika, kwenye tope na mchanga, akaenda akiwa na kejeli tele mdomoni na kurudi bila hata moja, akamwambia mzee Mughwai kwamba kigari kile ni kizima, hakina ubishi, na kwamba kama kuna kitu kitakachowaokoa ni hicho. Kwa mtu aliyetukana magari madogo miaka thelathini, kumeza maneno yake hadharani namna ile kulihitaji moyo, na familia inaomba jambo hilo nalo likumbukwe.

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwanzoni mwa mwaka 2013 ulikuja mzigo mwingine wa Ndama, na hizo zilikuja bado zina jina la kile kiwanda cha Asia mbele ya boneti, huku vichwa vya fahali vikiwa pembeni ndani ya boksi, na agizo kutoka kwa wakala mkubwa wa Dar es Salaam likasema vibandikwe juu yake hukohuko Singida. Mzee Mughwai aliona haya kumwamuru, akamwomba. Zefania angeweza kukataa, hakuna aliyemtisha, lakini aliwafikiria wale vijana waliokuwa wakikaa bila kazi, na aliifikiria Halden kama mtu anavyomfikiria mzazi mgonjwa, akawatuma mafundi wote wakanywe chai, akafunga geti, akabandika fahali kwa gundi, gari moja baada ya jingine, kwa mkono wake. Mama Elina anasema siku hiyo alirudi nyumbani akanawa mikono, akakaa mezani, kisha akainuka kwenda kunawa tena.

Mwezi Mei mwaka huo usharika wetu ulikuwa ukitafuta gari la mwinjilisti, kwa ajili ya vijiji vya mbali, na ninyi mnakumbuka namna gari lile lilivyotafutwa, kwa alizeti za watu, kwa kuku waliopigwa mnada baada ya ibada, kwa mbuzi wa bibi Agripina ambaye hakuwa na mwingine. Baadhi ya wazee walitaka kwenda Dar es Salaam kutafuta gari lililotumika kutoka Japani, wengine wakasema aitwe Zefania, mtoto wa hapa, anayeyajua magari. Alisimama katika kikao, na mzee mmoja akamwuliza, "Zefania mwanangu, hiki kigari ni cha Halden kweli, kama yale malori?" naye akajibu, "Wazee wangu, hili limezaliwa Marekani, mimi ndiye ninayelijua." Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo, kwa sababu huku kwetu mtu ambaye baba yake anajulikana haulizwi mara ya pili, na kosa hilo la kumwamini lilifanywa na kila aliyekuwa ndani ya chumba kile.

Gari lilibarikiwa Jumapili ya mavuno, tarehe 14 Julai 2013, mbele ya kanisa, kwaya ikiimba, akina mama wakitandika kanga zao chini ili lipite juu yake kama wanavyompokea mgeni mheshimiwa. Zefania aliliendesha mwenyewe, akiwa amevaa suti ya harusi ya Fredrick. Liliposimama, akina mama wakalizunguka, wakilipangusa vumbi kwa kanga walizojifunga, na bibi Agripina, ambaye hajui kufanya kitu nusunusu, akaenda mbele kabisa akaanza kumsugua yule fahali kwa nguvu zake zote, kama anavyosugua sufuria, hadi fahali akabaki mkononi mwake. Bibi wa watu alidhani ameharibu mali ya kanisa. Alimfuata Zefania, akampa kile kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Baba Ritha, unisamehe, fahali wako ameanguka."

Mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa karibu aliinama akasoma kwa sauti jina lililokuwa chini ya fahali, na halikuwa jina la Marekani, na mtoto mmoja akacheka, kisha hakuna aliyecheka tena. Mchungaji wa wakati ule aliendelea na baraka kana kwamba hajaona kitu, Mungu amlipe, lakini Zefania hakungoja chakula, alimwachia mwinjilisti ufunguo na kwenda stendi kupanda basi la Singida, huku kile kichwa cha fahali kikiwa mfukoni mwa suti ya mwanawe. Katika safari nzima, alimwambia baadaye mkewe, kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyeomba msamaha siku ile alikuwa bibi Agripina.

Habari ilitangulia basi. Kabla wiki haijaisha wenye Ndama mjini walikuwa wakibandua fahali kwa kucha, na walipojua jina la kweli wakagundua kwamba gari lilelile linauzwa Dar es Salaam na wenye kiwanda wenyewe, bila fahali na kwa bei nafuu. Gereji ya mzee Mughwai ilifungwa mwaka 2015, vijana wakatawanyika, wengine kwenye bodaboda, na mwaka uliofuata tukasikia Halden yenyewe imeuzwa vipandevipande kule Marekani. Zefania alijibebesha yote hayo, hata Mazengo akamfuata Utemini kumwambia, "Wewe mzee, kampuni ya Wamarekani iangushwe na kanga ya bibi wa Kiomboi? Usijipe ukubwa huo." Alitabasamu, lakini hakukubali. Alisema gari dogo halikuwa na kosa lolote, kwamba lingekuja kwa jina lake lenyewe wangeliuza bila kuinamisha macho mbele ya mtu, na kwamba waliopaswa kuokolewa walizama kwa sababu waliona haya kumshukuru mwokozi wao.

Na kweli gari la mwinjilisti lilifanya kazi, likabeba wagonjwa na akina mama wajawazito, likavuka mito iliyoyashinda malori. Zefania alifungua kigereji chake Utemini, na kila Ndama iliyoletwa aliitengeneza kabla ya gari jingine lolote, bila kumtazama mwenye gari usoni. Hapa Kiomboi hakurudi, na kila tulipokuja kwenye mavuno tuliulizwa, "Zefania haji?" nasi tukawa tunasema ana kazi nyingi, jambo ambalo halikuwa kweli, na tunaomba radhi. Mama Elizabeti alipofariki, mwezi Novemba 2018, alikuja, lakini alisimama nyuma kabisa na wageni wasiojulikana, akaondoka kaburi likiwa bado linafukiwa. Ni vibaya kulisema, lakini sisi ndugu zake tulimwona akiondoka na tukashukuru kimoyomoyo, maana tulikuwa tumechoka kuulizwa.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na kifua, kisha figo, akatibiwa Singida kwa muda mrefu, na tarehe 2 Machi 2025, asubuhi, akafariki dunia akiwa na mkewe na Ritha. Wiki moja kabla alituita, akatuambia azikwe hapa nyumbani, jambo ambalo hatukulitarajia, na kwamba historia yake isomwe pamoja na jambo la fahali, lote, mbele ya watu walewale. Fredrick alikataa kwa hasira akisema baba atakuwa amezikwa mara mbili, na wengi wetu tulikuwa upande wake, hadi mama Elina aliposema, "Amenyamaza mwenyewe miaka yote hii, leo amepata sauti, ndiyo tumnyamazishe sisi?" Kikao kikaishia hapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Utemini waliolala nasi msibani, hasa mama Sikudhani aliyepika kwa ajili ya watu wote akiwa amefunga, na mafundi wa zamani wa mzee Mughwai waliokuja kutoka Manyoni, Dodoma na Igunga kumbeba mwalimu wao. Tunaushukuru usharika huu kwa kutupa ardhi na kengele bila kutuuliza neno.

Limebaki agizo moja, na tunalisoma kama alivyolitamka. "Wakati wa kutupa udongo, waambieni wote niliowadanganya kwamba hawalazimiki. Asiyetaka asitupe, na mtu asimtazame vibaya, kwa sababu mara ya kwanza mimi ndiye niliyemnyima hiari kwa uongo wangu." Kwa hiyo sisi wa familia tutatangulia kutupa udongo, kisha tutageuka wote tuangalie upande wa mashamba, pamoja na wajukuu, tukae hivyo mpaka mchungaji atakapotuita, ili tusijue kamwe ni nani aliyesogea na nani aliyebaki mahali pake. Kaka Zefania, pumzika, na amani tunayokuombea leo iko mikononi mwa hawa.