Unga wa Rangi ya Chungwa Kwenye Ngano Yetu

Jina la Bwana liinuliwe, watu wa Nyarero! Nipigieni makofi kwanza, maana nikianza kulia sitamaliza.

Ndugu zangu, mnamjua mume wangu Chacha. Alitoka kwenye mashimo ya dhahabu na kifua kinachokoroma, tukapanda ngano. Akaniambia, "Hii ikifa, narudi shimoni." Basi kila shina likawa pumzi ya mume wangu!

Ngano ikaja kijani, ikilala na kuinuka na upepo. Kisha majani yakashika unga wa rangi ya chungwa. Tukasema ni vumbi la malori ya mgodini. Nani hapa hakusema hivyo? Tukafunga, tukaomba mvua ije ioshe. Mvua ikaja! Tukacheza! Na ule unga, ndugu zangu, ukaongezeka.

Chacha akaanza kunoa sururu.

Nikamkimbilia bibi shamba wetu. Alikuja, akafuta jani kwa kidole. "Mama Bhoke, vumbi gani hili linalopasua jani? Hii ni kutu ya ngano. Ni kuvu, na inapenda unyevu."

"Kwa hiyo tumeiombea chakula?"

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akakaza uso. "Jani la juu bado zima, na ndilo linalolisha suke. Pulizeni dawa ya ukungu sasa. Na msipulize shamba moja tu. Upepo utawaletea ya jirani."

Hapo Mungu akafungua mlango! Tukaita risaga, ile kazi ya pamoja tuliyoachiwa na babu zetu. Mabomba ya dawa yakapanda migongoni, shamba kwa shamba. Jirani yetu mzee Marwa akamtania Chacha, "Mura, kijana wangu, leo unachimba hewa?"

"Shikamoo, mzee. Huku angalau naona jua!"

Majani ya chini yalikufa. Ya juu yakabaki kijani, na masuke yamejaa, yameinama kwa uzito! Wiki hii tunavuna. Msimu ujao tunapanda mbegu inayostahimili kutu.

Asante, Mungu wangu, uliyejibu kwa kumtuma mtaalamu! Nanyi wageni wetu wa Kenyamonta mliochelewa kupanda, nimesikia unga umeanza kwenu. Mwaminini Bwana, mwiteni bibi shamba wenu leo. Akisema pulizeni, migongo tunayo. Nani anakwenda nao? Nyoosheni mikono! Oneni, Chacha ameshanyoosha!