Aliyevuka Ruvuma Mara Mbili: Maisha ya Kajetani Otto Luambano (1944–1998)

Wasifu huu unasomwa hapa Matogoro, leo Jumatano tarehe 14 Oktoba 1998, na mjomba wa marehemu, Bartolomeo Nyoni, ambaye ukoo umemchagua kwa sababu sauti yake inafika mpaka kule kwenye migomba bila kipaza sauti. Wapo waliotaka asome mwalimu. Mwalimu anajua kusoma, hakuna anayekataa, ila mambo yenyewe mwalimu hakuwepo. Karatasi mlizoshika zilipigwa chapa Jumatatu na zina upungufu. Yaliyoongezwa yameandikwa kwa mkono jana jioni, kwa hiyo anayefuatisha kwa kidole akiona amepotea asihangaike, asikilize tu.

Marehemu Kajetani alizaliwa tarehe 9 Juni 1944 hapa hapa Matogoro, mtoto wa pili wa mzee Otto Luambano na mama Adela Nyoni. Alizaliwa mdogo mno. Mjomba wake, ambaye siku hiyo alikuwa na miaka sita, aliitwa amwone akasema, "Huyu si mtoto, huyu ni panya buku," na dada yake akamtoa nje kwa mwiko. Mtoto akabatizwa jioni ile ile kwa hofu kwamba asingefika asubuhi. Akaishi miaka hamsini na minne na kuwa mrefu kuliko wote waliomcheka.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1952 hadi 1959 na kumaliza darasa la nane. Mjomba wake alipita shule hiyo hiyo akaishia darasa la tatu, kwa kuwa aliona yanatosha. Mwaka 1954 mapera ya mapadri yalikuwa yanaisha mtini bila maelezo, na siku moja Kajetani akakutwa chini ya mti ameshika kikapu.

"Uko na nani?" padri akauliza.

"Mwenyewe akipenda atasema."

Mwenyewe alikuwa juu ya mti, miaka kumi na sita, mdomo umejaa mapera, amekaa kimya kama kinyonga. Kajetani akala viboko sita. Njiani mjomba akamuuliza, "Kwa nini hukunitaja, mpwa wangu?" Naye akajibu huku anajishika nyuma, "Nilidhani utashuka." Mjomba akacheka sana. Kisa hicho amekisimulia miaka arobaini, na kila mara amekisimulia kama kichekesho.

Baada ya shule marehemu alisomea kilimo, na mwaka 1962 akaajiriwa kuwa bwana shamba msaidizi. Alitumikia Madaba miaka mingi, akizunguka kwa baiskeli kufundisha watu kukausha tumbaku. Mwaka 1982 aliteuliwa kuwa katibu kata kwenye kata moja ya mpakani, kule ambako ukisimama kwenye shamba lako la ulezi unauona mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Mwishoni mwa 1988 watu wa kata hiyo walimchagua kuwa diwani. Kisima alichochimbisha pale bado kinatoa maji.

Tarehe 20 Julai 1968 alifunga ndoa takatifu na Emerensiana Mapunda wa Mfaranyaki. Mungu akawajalia watoto watano. Siku ya harusi bwana harusi alikanyaga shela, ikachanika mbele ya altare, na bibi harusi akamwambia kwa sauti iliyofika viti vya nyuma, "Umeanza." Ilikuwa ndoa nzuri. Ilipata kivuli kimoja tu, na kivuli hicho kitaondolewa leo, kabla udongo haujaingia.

Sasa tunafika penye upungufu wa karatasi. Karatasi inasema: "Marehemu aligombea nafasi mbalimbali." Hivyo ndivyo chama kilivyoshauri iandikwe. Haitoshi.

Jumatano tarehe 12 Agosti 1987 waasi wa Msumbiji walivuka mto, wakaingia kijijini, wakachukua mahindi na watu wa kuyabeba. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu mfanyabiashara, na Bartolomeo Nyoni alikuwa amefika pale na robota la mitumba akibadilishana na ulezi. Wakamkamata naye, robota kichwani. Walioonekana wamechukuliwa walikuwa wanane. Askari wetu walikuwa mbali, na barua ya kuwaita ilikuwa bado inatafutiwa gari. Ijumaa asubuhi Kajetani akavuka kwa miguu, maji yakiwa kiunoni, na kilo ishirini za chumvi kichwani.

Kamanda wao alikuwa Myao. Wangoni na Wayao wana utani wa tangu vita vya mababu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hata akiwa na bunduki. Kajetani alipofikishwa mbele yake hakuomba.

"Shikamoo sikupi, mtani. Babu yangu alimpandisha babu yako juu ya mti."

Vijana wenye silaha wakamgeukia kamanda. Kamanda akasema, "Na leo mjukuu amekushushia watu wako wanane."

"Saba nirudishie. Yule mwenye tumbo na robota mbakize. Ni mjomba wangu, anakula kama watatu, kazi hajui, na atakusimulia maisha yake mpaka mkimbie porini wenyewe."

Kamanda akacheka mpaka akashika mti. "Basi huyo ndiye wa kwanza kuondoka! Mchukue, ukataabike naye mwenyewe." Akapokea chumvi, akampa Kajetani maji kwenye kata, wakarudi wote wanane. Robota lilibaki.

Hivyo tu. Chumvi kilo ishirini, kata moja ya maji, maneno ya utani. Mbuzi hakuchinjwa.

Mbuzi alitoka wapi? Alitoka kilabuni, Mfaranyaki. Bartolomeo alirudi mjini hana mitumba, ana hadithi. Mwezi wa kwanza kata ya maji ikawa chai. Krismasi ikawa kuku. Pasaka kamanda alikuwa amechinja mbuzi, amemkumbatia Kajetani, amemwita ndugu. Watu walikuwa wakisema, "Ongeza, mzee Nyoni!" na anayeongeza analetewa kopo lingine la pombe ya komoni. Wenye makopo hayo wengine wako hapa, wanaangalia viatu vyao.

Machi 1988, mto umefurika, Kajetani alivuka tena, safari hii kwa mtumbwi na peke yake. Alikaa siku tatu. Mwenye mtumbwi alisema alimpeleka, lakini si yeye aliyemrudisha. Kajetani alitokea Songea baada ya wiki mbili, amekonda, viatu hana, akitokea njia ya Tunduru. Hakumwambia mtu alifuata nini. Mkewe alimuuliza akaambiwa, "Ni jambo la mtu." Mama wa watu akabaki na jibu hilo miaka kumi, na mwanamke yeyote anajua jibu la namna hiyo linamlaza vipi. Mjomba alipouliza akajibiwa hivyo hivyo, na kwa kuwa hakuwa na hadithi, akaitengeneza. Watu walipoanza kumiminika Tunduru kutafuta vito, Bartolomeo alisema pale kilabuni kwamba mpwa wake aliwatangulia wote: kamanda alimpa mawe mwaka 1988, mawe ya kijani, mfuko mzima.

Mwaka 1995 Kajetani akachukua fomu ya kugombea ubunge kupitia chama chake. Tarehe 22 Julai kamati ikamwita. Hakuulizwa habari za kisima wala tumbaku. Aliwekewa mbele mbuzi na mawe.

"Ndugu Luambano, uliwahi kukutana na waasi?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Katibu akaandika "amekiri" na kupiga mstari chini yake. Akaulizwa chumvi, akakubali, kilo ishirini. Akaulizwa mbuzi, akasema hamjui. Mwenyekiti, mzee Mathias, akamuuliza, "Mara ya pili ulifuata nini?"

"Jambo la mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenyewe akipenda atasema."

Mjumbe mmoja akagonga meza kwamba huo ni ujeuri. Mjumbe huyo, na asikasirike kutajwa hapa bila jina, shemeji yake mwenyewe alikuwa katika wale wanane. Chumvi ile ilimrudishia shemeji, naye alikuwa amekaa mezani akiuliza kwa nini ilipelekwa. Kuuliza ni haki. Kiongozi aliyepeleka chumvi kwa watu wenye bunduki lazima aulizwe, na Kajetani mwenyewe alisema hivyo akiwa anatoka: "Wana haki." Lakini anayeuliza hupewa jibu, na akishapewa huamua. Kamati haikumwona na hatia wala haikumsafisha. Iliandika: "Suala la ndugu Luambano liendelee kuchunguzwa." Fomu ikapewa mwingine. Kajetani akaandika barua tano kuuliza uchunguzi umefika wapi. Alijibiwa moja, kwamba asubiri.

Mjomba wake alikwenda ofisini wiki hiyo hiyo, amevaa koti.

"Mwenyekiti, yale ya mbuzi ni maneno yangu. Na mawe ni yangu. Niliyatunga."

Mzee Mathias akavua miwani. "Mzee Nyoni, uliyasema mbele ya watu arobaini, miaka minane. Leo mpwa wako ameharibikiwa, unakuja peke yako kuyafuta. Tukuamini lini?"

"Niamini sasa."

"Tutaliingiza kwenye uchunguzi."

Jamani, mtu anadanganya miaka minane, anaaminiwa kila siku. Anasema kweli siku moja, anaambiwa asubiri. Alirudi mara tatu. Mara ya tatu alikalishwa kwenye benchi na mhudumu mpaka ofisi ikafungwa. Akaenda kumwomba radhi mpwa wake, naye Kajetani akamwambia, "Wewe, mjomba, umezoea kukaa juu ya mti. Angalau safari hii umeshuka." Wakacheka wote wawili, lakini mmoja wao hakuwa anacheka.

Marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka 1996. Mei mwaka huu alipooza upande wa kulia, akalazwa wiki sita. Alipotolewa alikuwa anakaa mlangoni anatazama milima, na pikipiki ya tarishi ikipita anageuza kichwa. Kila siku aliuliza, kwa mdomo uliopinda, "Barua?" Mkewe alikuwa anamjibu, "Kesho." Alifariki dunia Jumapili tarehe 11 Oktoba 1998, saa nne asubuhi, watu wakiwa kanisani. Barua haijafika.

Jana Jumanne mchana aliteremka hapa mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, amejitanda kanga, amemshika mkono binti wa miaka kumi. Alitokea Tunduru. Hakuna aliyemjua. Aliingia jikoni, akakunja kanga, akaanza kuchagua mchele na wenzake. Baadaye akaomba aoneshwe anayeandika wasifu, akaletwa kwa mjomba wa marehemu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Mimi Subira, binti Nassoro Azizi wa kule mpakani. Siku ile mlichukuliwa tisa. Mimi walinikamatia shambani, hamkuniona."

Subira akaendelea kama mtu anayesoma orodha. Alikuwa na miaka kumi na tano. Alikaa kule miezi saba. Baba yake alikwenda kwa katibu kata akamwambia amtafutie mwanawe, lakini watu wasijue, maana binti akijulikana alikuwa kule, na katika hali ile, hataolewa wala hatapumua. Kajetani akavuka mto umefurika, akamkuta yule mtani wake, akamtukana siku tatu mpaka akampa. Hawakurudi kwa mtumbwi, wangeonekana. Walitembea usiku na mchana mpaka kwa shangazi yake Tunduru, yeye na mimba yake, mguuni amevaa viatu vya Kajetani.

"Aliniambia jambo langu litabaki langu mpaka nitakapotaka mwenyewe. Baba alifariki mwaka juzi. Juzi jioni nikasikia redioni tangazo la kifo. Haya ya kamati nimeyasikia leo, jikoni."

"Mwanangu, tumemhukumu miaka mitatu."

"Mngeniuliza, babu."

"Tungekuuliza wapi? Hatukujua upo."

"Ndiyo, hamkujua." Akafunga pindo la kanga. "Sasa nataka. Andika."

Mama Emerensiana alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Aliiweka chini, akamtazama yule binti wa miaka kumi usoni muda mrefu, akitafuta sura ya mumewe. Hakuiona. Akakaa kwenye kinu akalia, kilio kingine kabisa, si kile cha Jumapili. Halafu akasema, "Mpeni mtoto chakula."

Mzee Mathias yupo, amekaa pale mbele na shada la chama. Ameletewa kiti, ameletewa maji, na sasa ameletewa jibu. Swali lilikuwa lake.

Marehemu ameacha mjane, Emerensiana, watoto watano, Valence, Hilda, Suzana, Aurelia na Otto, wajukuu saba, na mjomba mmoja, anayekula kama watatu. Ameacha pia, kwa ombi lao wenyewe na kwa idhini ya mjane, watu wawili ambao hawamo kwenye karatasi, na kila mwenye kalamu awaongeze hapo chini kabla hajaondoka: Subira Nassoro, na bintiye Zulfa.

Wanasimama pale, kando ya mjane. Mwenyewe amependa, amesema.

Bwana ampokee Kajetani, ampe amani aliyonyimwa, apumzike. Uchunguzi umefungwa.