Vikombe Alivyojaza Zuurakan

Ndugu waombolezaji, hebu fikirieni chumba kilichojaa wageni, theluji imeziba dirisha, kitambaa kimetandikwa sakafuni na juu yake mikate na siagi, na mke kijana amepiga magoti mbele ya birika, anawamiminia wazee chai, na kila kikombe anakijaza hadi ukingoni. Kwetu hapa wilaya ya At-Bashy mgeni humiminiwa nusu, akaongezwa tena na tena, kwa kuwa kikombe kilichojaa humwambia anywe aondoke. Mke huyo ndiye Zuurakan, tuliyekuja kumzika leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Kara-Suu, akiwa mtoto wa nne wa mchunga farasi, akasoma hapo hapo hadi darasa la kumi mwaka 1975, kisha akaenda mjini Naryn kusomea ualimu wa chekechea, na kuanzia Septemba 1977 alifundisha wadogo wa kijiji chetu, ambao walimpenda kwa sababu hakuwahi kumfokea mtoto aliyechelewa kufunga vifungo vya koti.

Tarehe 6 Oktoba 1979 aliolewa na Dooronbek, fundi wa matrekta, wakajaliwa watoto wawili, Kalys mwaka 1981 na Nurzat mwezi Novemba 1986. Baada ya kumzaa Nurzat, Zuurakan aliacha kucheka, usingizi ukampotea, akawa anatazama ukuta huku chakula kikipoa, na nyumbani wengine walisema ni uvivu, wengine wakasema ni kiburi.

Majira hayo hayo ya baridi ndipo walipokuja wageni, vikombe vikajaa. Mjomba mmoja akacheka, "Chai hii au ziwa? Tunywe au tuogelee?" Batma, mama mkwe wa Zuurakan, akasema mbele ya wote, "We mkwe, unawafukuza wazee?" Zuurakan akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, mkono hauinuki, nimejaza ili nisimimine mara ya pili." Hakuna aliyemsikiliza. Dooronbek alimpokonya birika, na tangu hapo kila walipofika wageni alimpeleka chumba cha nyuma, nao wakimuulizia aliwaambia ameenda kwao.

Miaka ilikwenda hivyo, ugonjwa ukija na kuondoka, na aliyemjia Zuurakan mwenyewe alikuwa jirani yetu Salkyn peke yake, aliyepitia mlango wa jikoni, akaketi, akamsogezea kikombe akisema, "Jaza, dada, jaza mpaka imwagike, mimi siondoki ng'o." Salkyn ndiye aliyempeleka kwa daktari mjini mwaka 2009, ugonjwa ukapata jina, nalo ni sonona, akapewa dawa, usingizi ukarudi, na theluji ilipoyeyuka watu walimsikia akiimba tena na watoto pale chekechea, alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 2016.

Dooronbek hakumsindikiza hata safari moja. Kijijini alisema mkewe anatibiwa meno, mpaka kinyozi akamuuliza, "Hivi, Dooronbek, mkeo ana meno mangapi?" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao, na anasema kicheko hicho hakijamtoka kooni hadi leo.

Januari mwaka huu wa 2024 moyo wa marehemu ulianza kushindwa kusukuma damu, akalazwa katika hospitali ya wilaya, na mchana wa tarehe 9 Februari akafariki akiwa ameshikwa mkono na Salkyn, huku mumewe amesimama nje ya mlango wa wodi, akitafuta neno la kuingia nalo. Historia hii tulikuwa tumeiandika bila kutaja sonona. Jana mzee Dooronbek alisomewa, akaikataa, akasema, "Jina la ugonjwa liandikeni. Nilimficha akiwa hai, sitamficha akiwa maiti." Ndiyo maana limesomwa, naye amesimama pale mbele yenu, ameegemea fimbo, na kichwa hakiinuki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake wa chekechea, majirani waliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda, na Salkyn, ambaye hatuna shukrani ya kumtosha. Zuurakan, lala salama, umechoka vya kutosha. Nanyi mnaorudi majumbani, tunawaomba mkumbuke jambo moja tu: mtu wenu akiugua moyoni, mshikeni mkono mumpeleke kwa daktari mchana, kwa njia kuu, watu wote wakiona.