Historia ya Mzee Laini, Mpokea Simu Aliyefuma Chini ya Meza

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi mliomfahamu marehemu kwa sauti ya simu tu, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mtege sikio kidogo, maana habari za mtu aliyeshindwa kutulia kitini maisha yake yote zitasomwa mkiwa mmekaa.

Mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Laini, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa na muuza vitambaa, na mama yake alisimulia hadi uzeeni kwamba alitembea bila kutambaa, kwa sababu kutambaa kungemchelewesha.

Alianza shule Januari 1959, akawekwa dawati la mbele ili mwalimu amwone, kisha la nyuma ili mwalimu asimwone, na ripoti zake zote, kutoka kwa walimu ambao hawakuelewana kwa jambo lingine lolote, zilisema ana akili lakini hatulii. Alimaliza sekondari kwa mbinde mwaka 1970, akawa karani wa ghala, mpaka rangi na dereva wa lori, kazi zote akizianza kwa moto na kuziacha, au zikamwacha yeye, kabla nguo ya kazi haijafuliwa mara ya pili.

Tarehe 2 Agosti 1976 aliajiriwa kupokea simu hospitalini, katika chumba kisicho na dirisha, chenye swichibodi na feni iliyokohoa kuliko wagonjwa, na hapo alimpenda fundi cherehani wa hospitali, mshonaji wa mashuka na mapazia, ambaye baba yake alitamka wazi kwamba hatoi binti kwa mtu anayebadili kazi kama soksi, amalize kwanza mwaka mmoja kwenye kiti kimoja. Lakini kufikia mwezi wa tatu mawazo ya kijana yalikuwa yameshaanza kuzurura, na asubuhi moja mganga mkuu aliyeomba kuzungumza na mkewe aliunganishwa na chumba cha maiti, akauliza kwa mahaba, "Umelalaje, mpenzi?", mhudumu wa zamu akamjibu, "Huku wote wamelala vizuri, bosi."

Onyo likatoka kwamba kosa moja zaidi na mlango ni ule pale. Fundi cherehani, aliyekwisha kuona jinsi mchumba wake anavyosokota waya wa simu mpaka unajifunga mafundo, alimpeleka kwa shangazi yake, akapewa sindano ya kroshia na mabaki ya uzi, na kufikia Jumatatu alikuwa akifuma mapajani, chini ya meza, mikono ikihangaika kwa niaba ya kichwa, kichwa kikabaki kwenye simu. Hakukosea laini tena, mwaka ukatimia, na ndoa ikafungwa tarehe 18 Februari 1978.

Alichokifuma hakikufuata kitabu, kilifuata simu: mtoto akizaliwa aliingiza njano, wakubwa wakigombana aliingiza nyekundu, ndiyo maana vitambaa vya makochi yetu vya wiki ya bajeti viliumiza macho. Ila aliona haya, akaiacha dunia iamini kwamba ni kazi ya mkewe, ambaye kwa kroshia hajui kichwa wala mkia, na majirani walipomwomba mama awafundishe, alishika kiuno na kusema, "Mgongo, jamani."

Walijaliwa watoto watatu, wa mwisho binti, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1984 na kumrithi baba kwa kila kitu, mpaka kutotulia, na tarehe 14 Juni 1999 kamati ya nidhamu ya shule yake ilikutana ili kumfukuza. Mzee alijua dawa ya mwanawe, na alijua kwamba kuitaja ni kujianika, lakini akatoa sindano na uzi kwenye koti, akaanza kufuma mbele ya wote. Mjumbe mmoja akacheka, "Mzee, hiyo si kazi ya mama?", akajibiwa, "Ya mama ni cherehani, hii ni yangu tangu sabini na sita." Mwalimu mkuu alipolalamika kwamba mzee hawasikilizi wajumbe, yeye alirudia maneno ya kila mjumbe kwa mpangilio, pamoja na ya wawili walionong'ona kwamba chai ya mwalimu mkuu ni maji ya kuoshea vikombe, akawaambia, "Mkinipokonya uzi huu, sisikii kitu. Na yeye ni hivyo hivyo." Binti alirudi darasani na sindano yake.

Mwaka huohuo daktari aliwapima wote wawili, akawaeleza kwamba wana ADHD, ubongo unaohitaji kuchezacheza ndipo usikilize, mzee akasema, "Kumbe ina jina! Mimi nimeitwa mengine tu." Mgongo wa mama nao ulipona siku hiyo.

Alistaafu mwaka 2011, akafuma barazani hadharani, akiacha makochi mengi yamevikwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulimchosha. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, na alipolazwa tarehe 3 Machi 2025 vidole havikuweza tena kushika sindano, hivyo binti yake, ambaye sasa ni fundi umeme, alikaa kando ya kitanda akamfumia. Asubuhi ya tarehe 6 mzee, akiwa amefumba macho, alipapasa kile kitambaa, akasema, "Umeruka kitanzi, fumua." Binti akafumua, akarudia, akamwekea tena mkononi, mzee akapapasa safu yote taratibu mpaka mwisho, akaguna kwa kuridhika, na mkono ukatulia.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba viti, na wapokea simu wenzake waliotunza siri iliyokuwa ikijulikana na hospitali nzima.

Pumzika, Baba, kwa amani, na kama hata huko kutulia kutakushinda, nasi hatutashangaa.