Mivule Iliyonyooka

Basini, mnunuzi wa magogo alikuwa akimbembeleza mjane aliyerithi msitu. “Mama, niuzie mivule iliyonyooka tu. Iliyopinda nakuachia, msitu utabaki.”

“Utabaki wa vilema,” mjane alijibu. “Ukichinja kila dume bora, zizi litazaa nini? Anza na iliyopinda, mizuri ipate jua. Nitakuuzia ikishaacha miche.”

“Iliyopinda hailipi hata mafuta ya lori!”

“Basi lori lipumzike.”

Abiria walicheka. Mimi nilijifanya nasinzia, maana usingizi husikia vizuri.

“Shemeji zako wameshakubali,” mnunuzi akasema taratibu.

“Shemeji zangu hawajapanda hata mche mmoja. Waambie leo nahamia humo msituni. Atakayekuja na msumeno aanze na mimi.”

Basi likasimama. Mjane alishuka wa kwanza. Mnunuzi akamfuata, bado anabembeleza.