Utepe wa Shada la Gyeong-hwan

Mashine ya kahawa ya uchochoro mmoja wa mtaa wa Jongno ina benchi moja, na benchi hilo lina wenyewe: Dada Mkuu, mzee wa kiume wa miaka sabini na moja anayemwita kila mtu mwanangu, Daktari, ambaye udaktari wake wote ni kuuza mizizi ya ginseng, na Man-sik. Mchana ule walitoka sinema. Filamu ya kuchekesha: mashoga wanne marafiki, kila mmoja na vituko vyake vya mapenzi, mwisho harusi. Watu walicheka hadi machozi. Man-sik alikaa kando ya kiti kitupu, maana tiketi alikata mbili kabla ya msiba, na Gyeong-hwan, mpenzi aliyeishi naye kwa miaka ishirini na sita, alifariki juzi. Msiba unasimamiwa na mwana wa marehemu, wa ndoa ya zamani. Man-sik alipofika kwenye ukumbi wa maombolezo, aliambiwa mlangoni kwamba hapo ni pa ndugu. Kesho alfajiri maiti inatolewa. Kilichobaki kuingia mle kwa niaba yake ni shada la maua, nalo haliendi bila utepe wenye jina la mtumaji.

Basi wenzake, kwa kuogopa kuutaja msiba, wakaishikia bango filamu.

— Mbona mle hakuna hata mmoja mwenye mvi? Dada Mkuu aliuliza.

— Walikuwepo, wakakatwa, alisema Daktari. Wazee wakibusiana, bisi hazinunuliwi.

— Na mbona hakuna aliyekufa?

— Shoga wa sinema hafi, dada. Anahamia Amerika. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kimeingia tu. Kunywa kahawa.

Daktari hakukomea hapo. Akadai filamu nzima imelipiwa na wenye kumbi za harusi, na kwamba mashada ya harusi ile ndiyo yale yale ya msibani, hubadilishwa utepe tu. Dada Mkuu akamkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Man-sik aliwachukia wote wawili kwa muda, kisha akakumbuka kwamba hana pengine pa kukaa siku hiyo.

Mama mwenye duka la maua la jirani akaja na aproni yake, brashi mkononi, kuuliza utepe uandikwe umetoka kwa nani.

Daktari akapendekeza wanafunzi waliosoma na marehemu. Dada Mkuu akataka kwaya ya kanisa, ingawa marehemu alikuwa Mbudha. Halafu wakakumbuka Chama cha Wapanda Milima, jina la kujificha wanalotumia tangu zamani kukodi vyumba vya mikahawa. Jina la Man-sik lenyewe hakuna aliyelitaja. Mwana angelitoa shada nje.

Yule mama akawasikiliza, akamgeukia Man-sik.

— Samahani, mzee wangu. Marehemu alikuwa nani wako?

Daktari akatazama kikombe chake cha karatasi. Dada Mkuu akabonyeza kitufe cha mashine. Taa ya mashine ilikuwa nyekundu, kahawa imekwisha.

— Andika Chama cha Wapanda Milima, Man-sik akasema hatimaye.

Mama akainamia utepe. Alipofika nusu, Man-sik akaanza kulia.

— Magoti yake yalikuwa mabovu, akasema. Hata kwenye ngazi za nyumbani nilikuwa namshika mkono.