Kiti cha Ubavuni kwa Bi Mahfoudha

Assalaam alaykum. Ndugu na majirani mliofika nyumbani kwetu Nizwa, mimi Soud, kaka wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha yake, na nawaambia mapema kwamba yamo humu ya kututia aibu.

Bi Mahfoudha alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 3 Juni 1959, akasoma huko huko, na sisi tulipohamia Oman mwaka 1974 yeye alibaki na bibi yetu, akaenda Dar es Salaam kusomea sheria, akawa wakili wa watu waliofilisika, wala hakupata kumdharau mteja. Mwaka 1986 aliolewa na marehemu Bwana Marhoun, wakajaaliwa binti mmoja, Radhia, aliyeolewa Izki.

Mdogo wetu Hamdun alipofilisika, na karakana yake ya milango kule Firq ikawa hatarini, tulimwita Mahfoudha, naye akaomba kibali cha muda cha kusimama katika mahakama isiyo ya nchi yake, kwa kesi hiyo moja tu, akapewa kwa sharti kwamba wakili wa hapa akae ubavuni pake kila kikao, na wakili huyo alikuwa mwanangu Mohannad. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025 sisi wakubwa tulimwambia Mohannad akae nyuma, maana kwetu mtoto hakai sawa na shangazi yake, tukadhani ndiyo adabu. Mahfoudha aligeuka akampungia mkono aje, kijana akatutazama, na sisi tukatikisa vichwa. Hakimu aliuliza mara mbili mwenziwe yuko wapi, Mohannad akabaki nyuma kwa amri yetu, hakimu akafuta kibali kwa kuwa sharti limevunjwa, kesi ikabaki kwa Mohannad ambaye hakuwahi kuendesha ya namna hiyo, na karakana ikauzwa.

Baadaye tukasema mjini kwamba Mahfoudha ndiye asiyejua sheria za hapa, naye alisikia.

Maradhi ya moyo yalimshika akiwa kwa Radhia, akalazwa, na Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025 akafariki. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Izki waliotupikia, na mawakili wenzake waliotoka Dar es Salaam kuja kumzika, ambao jana nilishindwa kuwatazama usoni.

Kwenye maziko Mohannad alitangulia kushuka kaburini, akampokea shangazi yake, akakaa ubavuni pake mpaka mwisho, na safari hii hakuna aliyemwambia arudi nyuma.

Tuwie radhi, dada yangu, na Mola akupumzishe kwa amani.